Karatasi ya Zamu za Tizrarin

Tizrarin, 14 Oktoba 1998

Kwa binti yangu Rabha,

Salamu nyingi kutoka nyumba uliyokulia wakati wa shule. Barua hii anakuletea Bouchta, dereva wa lori la soko, pamoja na bahasha kubwa ya kaki. Bahasha hiyo ishike kwa mikono miwili. Imewasumbua watu wazima siku tatu, na Bouchta nimemwapisha kwamba hataikalia.

Unajua habari yenyewe, maana fomu ilitoka ofisini kwenu, idara ya elimu. Shule yoyote yenye watoto chini ya thelathini lazima ieleze malengo na maadili ya mtaala wake kabla ya mwisho wa mwezi huu. Isipoeleza inafungwa, na watoto wanahamishiwa Ighil. Sisi tunao ishirini na watatu. Ighil unaijua: mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, na mto uko katikati. Wavulana wengine wataenda. Wasichana hawataenda, Rabha. Hakuna baba aliyesema hivyo waziwazi, lakini juzi nilimsikia mke wa Hmad akimwambia bintiye Tuda ajifunze kusokota sufu vizuri, "kwa sababu nafasi utakuwa nayo." Tuda ana miaka kumi. Aliendelea kufuta ubao wake mdogo ambao ulikuwa umeshafutika.

Sehemu ya kwanza ya fomu ni ya mwalimu. Mwalimu wetu mpya, Siham, msichana wa pwani anayevaa soksi mbili mbili tangu siku aliyofika, aliijaza haraka: masomo, saa, vitabu. Sehemu ya pili ni ya wazazi. Imeandikwa: Shule hii ni ya nini? Mnataka watoto wenu wawe watu wa namna gani? Kisha karatasi nyingine tupu, kila nyumba itie sahihi au kidole.

Sasa hapa kwetu karatasi ya kutiwa vidole na watu wote ni moja tu, ile tunayoandikiana kila mwaka na fakihi wa msikiti: yeye atatusalisha na kufundisha watoto Kurani, na sisi tutamlisha kwa zamu, nyumba baada ya nyumba. Wanaume walipoona nafasi ya vidole hawakuuliza zaidi. Walikaa kwenye benchi la msikiti wakaanza kugawana siku za kumlisha mwalimu.

"Jumanne mimi siwezi," Hmad akasema. "Jumanne kwangu kuna maboga tu."

"Kwako kuna maboga wiki nzima," Bassou akamwambia. Bassou ndiye bado anashika ufunguo wa ghala la kijiji.

"Basi mwalimu atajifunza kula maboga. Si shule hii?"

"Liandike hilo kwenye malengo!"

Siham alikuwa amesimama pembeni, amejikunyata kwa baridi. Akasema, "Jamani wazee wangu, hawaulizi chakula. Wanauliza maadili."

Bassou akamgeukia polepole. "Binti, mwalimu akila kwa kila mtu, atampiga mtoto wa nani? Atampendelea mtoto wa nani? Wewe hayo unayaitaje?"

Siham akafikiri. Halafu akakaa chini, akafungua kalamu, akasema, "Haya, semeni, naandika."

Sisi wanawake tulikuwa mlangoni na chai. Nikasema tuandike na mambo ya marehemu Moha, maana mume wangu alifundisha hapa miaka ishirini na sita na hakuandika hata moja kati ya sheria zake. Basi yameandikwa. Kwamba nyumba zikigombana, watoto wa nyumba hizo wanakaa benchi moja mpaka wakubwa wapatane. Kwamba chakula cha zamu kizidi kidogo, kwa ajili ya mtoto aliyekuja bila kitu, na mwalimu asiulize ni nani. Kwamba theluji ikiyeyuka, nyumba ya karibu na mto isimame kivukoni asubuhi na mchana. Kwamba mtoto asirudishwe kwa kukosa viatu. Kwamba mtoto anayewasomea majirani barua zao hasemi alichosoma. Mwisho Hmad akataka iandikwe kwamba mwalimu atahudhuria harusi zote, tukashindwa kumzuia.

Vidole ni kumi na tisa, nyumba zote. Changu ni sahihi. Niliiandika polepole, nikakumbuka Moha alivyonifundisha herufi kwa dengu juu ya sinia, mimi nikiwa mwanamke wa miaka thelathini, na nikikosea alikuwa anasema, "Hii tutaipika kwanza."

Iweke karatasi mikononi mwa anayestahili. Tunakutegemea wewe.

Wako,
Yamna


Azaghar, 20 Oktoba 1998

Lalla Yamna, mama mpendwa,

Bahasha imefika salama, wala haikukaliwa. Nimeipokea mimi mwenyewe na kuandika jina langu katika daftari la mapokezi. Msiwe na wasiwasi, nimeiweka panapofaa.

Naomba kukuuliza jambo moja dogo: kuna mtu hapo kijijini aliyebaki na nakala? Nauliza tu kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi.

Kazi ni nyingi wiki hii, nisamehe kwa ufupi. Nimekutumia sukari na soksi za Mwalimu Siham.

Binti yako,
Rabha


Tizrarin, 28 Oktoba 1998

Rabha, binti yangu,

Sukari imefika. Siham alipopewa soksi alizivaa palepale juu ya zile nyingine, tukacheka mpaka akacheka naye.

Nakala hatuna. Nani angekaa kuandika mara mbili? Lakini kila mtu anaijua kwa moyo, na zamu zimeshaanza, hatukungoja jibu. Jumatatu ni kwa Bassou, mkate wa shayiri na siagi. Jumanne kwa Hmad, maboga kama alivyoahidi. Siham anasema hajawahi kula na watu wengi hivi tangu azaliwe. Kwao alikuwa anakula akitazama televisheni.

Barua yako ilikuwa fupi. Niliisoma nikaigeuza nyuma nione kama kuna mengine. Si lawama, ni mazoea ya mtu aliyebaki peke yake nyumbani, anageuza kila kitu.

Huu ni mwezi wa tisa sasa tangu Moha atutoke. Joho lake la sufu bado liko msumarini. Sijalifua. Mfukoni mna vipande vinne vya chaki na ganda la chungwa lililokauka, lile la kumenya kwa ukanda mmoja bila kukatika, kama alivyokuwa anawaonyesha. Najua ni takataka. Nimeziacha.

Tuda sasa ndiye msomaji wa barua wa kijiji. Wanaume watano wako Ulaya, wawili jeshini, na wake zao wote wanamtaka yeye. Moha ndiye aliyempa ruhusa, Januari, mwezi mmoja kabla hajafa. Unakumbuka alivyokuwa akiwapima? Alimpa mtoto kijikaratasi chenye siri ya uongo, akakaa mwezi mzima kusubiri kama siri itarudi kwake kwa mdomo wa mtu mwingine. Isiporudi, mtoto anaruhusiwa kusoma barua za watu. Ya kwako ilikuwa kwamba fakihi anaogopa kuku. Ilirudi baada ya siku mbili, na aliyeileta alikuwa fakihi mwenyewe, amekasirika. Ulilia chini ya ngazi yetu ukakataa kula. Moha akakupa nyingine, na hiyo haikurudi. Mpaka leo sijui ilisema nini.

Oktoba inakwisha Jumamosi. Tuambie kama wamesema lolote. Mama yake Tuda amenunua sufu.

Yamna


Azaghar, 3 Novemba 1998

Lalla Yamna,

Sikiliza vizuri, na tafadhali fanya kama ninavyokuomba. Jumatatu ijayo mkaguzi anakuja kwenu. Jina lake ni Bwana Senhaji. Si mtu mbaya ila ni mkavu, na ripoti yake ndiyo itakayoamua kama shule inabaki au inafungwa.

Atakuja na fomu yenu. Atawasomea. Maneno mengine mtaona yamenyooshwa kidogo, kwa sababu ofisi ina lugha yake. Akiuliza kama haya ndiyo malengo yenu, itikieni wote, ndiyo. Waambie wazazi wazoee maneno haya: raia mwema, fikra huru, mazingira, ushirikiano. Si lazima wayaeleze. Wayatambue tu wakiyasikia.

Na zamu za chakula msizitaje. Nakusihi, Lalla, hata Hmad anyamaze.

Najua utajiuliza. Usijiulize kwa sasa.

Rabha


Tizrarin, 10 Novemba 1998

Rabha,

Mkaguzi alikuja jana. Ninaandika asubuhi hii ili Bouchta aichukue kesho, na nitakueleza kama ilivyokuwa, maana wewe hukuwepo na una haki ya kujua.

Alifika saa tatu na nusu, viatu vimejaa matope. Wazazi walikuwa wameshakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Nilikuwa nimewafundisha maneno yako. Bassou aliyakataa, akasema hatikii asichokijua, lakini aliahidi kunyamaza.

Bwana Senhaji akavaa miwani akasoma. Rabha, ilikuwa karatasi nzuri. "Kumjenga raia mwema mwenye fikra huru, anayethamini mazingira yake na kushiriki katika maendeleo ya taifa." Yalikuwa mengi ya namna hiyo, ukurasa mzima. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza redio. Alipomaliza akauliza, "Haya ndiyo malengo yenu?"

Wakaitika, ndiyo, kwa sauti ndogo, kama darasa lisilojua jibu.

Halafu akainua karatasi ya pili, ile ya vidole, na Hmad akaona kidole chake.

"Hiki changu," akasema. "Kina kovu. Lakini mimi sikutia kidole kwenye fikra. Nilitia kidole kwenye Jumanne."

"Jumanne gani?" mkaguzi akauliza.

"Jumanne ya maboga!"

Mkewe akamvuta joho. Watu wakaanza kucheka, wakajizuia. Mkaguzi hakucheka. Akazitazama zile karatasi mbili, akapapasa pini iliyozishika, akauliza, "Nani aliandika ukurasa huu wa kwanza?"

Akazunguka nao, meza hadi meza, akituonyesha. Ulipofika kwangu niliutambua. Mistari yako ya Kiarabu hupanda kuelekea kushoto kama njia ya mlimani, tangu ulipokuwa na miaka saba, na Moha alikuwa anakuwekea rula chini yake bila mafanikio. Nilihisi kama mtu amenikuta mlangoni na kitu kisicho changu.

"Mama, wewe unajua kusoma," akaniambia. "Unaujua mwandiko huu?"

"Ninaujua," nikasema.

"Ni wa nani?"

"Sisemi."

Sikumdanganya, Rabha, na sikukutaja. Zaidi ya hapo sikuweza kukusaidia.

Mkaguzi akakunja uso. Nilijua shule imekwisha. Mama yake Tuda alinitazama, na mimi nikatazama chini. Ili kupitisha muda, nadhani, au kwa desturi ya kazi yake, akamwita mtoto aje asome, na aliyekuwa karibu ni Tuda. Akampa ule ukurasa wako. Tuda akausoma wote bila kukwama, hata maneno ambayo hakuyaelewa.

"Umejifunza wapi kusoma mwandiko wa mkono kwa kasi hivi?"

"Kwa barua za watu."

"Barua za nani?"

"Za watu wa hapa. Wasiojua kusoma."

"Wiki hii umesoma ya nani?"

Tuda akamrudishia ukurasa.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Sisemi."

"Unajua mimi ni nani? Mimi ni mkaguzi wa wilaya nzima."

"Najua, bwana. Kamwulize mwenye barua."

"Hata mwalimu wako humwambii?"

"Mwalimu hajawahi kuuliza."

Akatoa kalamu mfukoni, ile ya kubonyeza yenye rangi nne. "Nikikupa hii?"

Tuda akaitazama sana ile kalamu. Ni mtoto, Rabha, aliitaka. Niliona mkono wake ukishika pindo la gauni. Kisha akasema, "Ninayo ya risasi," akarudi kukaa. Mama yake alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Barua ya wiki hii ilikuwa ya mama huyo, kutoka kwa kaka yake aliye jeshini. Hilo nakuambia mimi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye mbele ya wote.

Mkaguzi akamgeukia Siham. "Somo hilo liko katika mtaala gani?"

Siham alikuwa amenyooka kama askari. "Liko katika karatasi yao, bwana. Si hiyo. Karatasi yao niliandika mimi, wakitamka wao. Sijui iko wapi."

"Iko ofisini kwenu," nikasema. "Ilipokewa kwenu."

Hakuuliza tena. Saa sita chakula kikaja. Jumatatu ni kwa Bassou, lakini mkewe ana homa, basi Hmad alikuwa amebadilishana naye. Mkaguzi alikula maboga. Alikula na watoto, akamwona Siham akisogeza sahani mbele ya mtoto mmoja bila kumtazama usoni. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Alipoondoka alinishika mkono akaniuliza marehemu alikufa lini. Nikamwambia Februari. Akasema, "Mungu amrehemu," akateremka mlima.

Sijui alichoandika. Hmad hatoki nje, anasema ameiua shule kwa mdomo wake. Nimempelekea chai.

Wewe sijakukasirikia. Niambie tu ukweli, hata ukiwa mbaya.

Yamna


Azaghar, 24 Novemba 1998

Lalla Yamna,

Shule haifungwi.

Nimeanza na hilo ili usisome barua hii ukiwa umeshika pumzi. Kamati ilikaa Ijumaa, na leo asubuhi nimeliona jina la Tizrarin kwa macho yangu, limepigwa muhuri. Mnabaki na shule yenu, mwalimu wenu na mlango wenu. Kwa makaratasi mtakuwa tawi la Ighil, lakini hakuna mtoto atakayevuka mto. Waambie. Mwambie Hmad kwanza.

Sasa yangu.

Nilipoifungua bahasha yenu wenzangu wawili walikuwa mezani. Mmoja akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye zamu za chakula akasema, "Hawa wameomba kazi ya upishi!" Wakacheka. Na mimi nilicheka, Lalla. Nilicheka sana, ili wasikumbuke kwamba natoka huko. Walipotoka kwenda kunywa kahawa nilichomoa pini, nikaficha ukurasa wenu katika mtoto wa meza, nikakaa nikaandika mwingine kwa maneno niliyoyachukua kwenye fomu za shule za mjini. Nikaubandika juu ya vidole vyenu. Nilijiambia ninawaokoa. Nusu yake ilikuwa kweli.

Bwana Senhaji alirudi Jumanne ile. Akaja mpaka mezani pangu, akaweka fomu. "Daftari linasema ulipokea wewe."

"Ndiyo, bwana."

"Na mwandiko?"

Nilikuwa sijapata barua yako bado. Sikujua kama umenitaja. Nilifikiri umesema, na nikaona ni haki yako. Nikafungua mtoto wa meza nikampa ukurasa wenu, nikasema, "Wao hawana kosa. Ni mimi. Niliona aibu."

Aliusoma akiwa amesimama. Katikati akavuta kiti cha mwenzangu akakaa. Alipofika kwenye harusi za Hmad nilisikia kitu kama kikohozi, nikainua uso, kumbe anacheka. Akachukua kalamu akaandika pembeni, "Mwalimu asilazimishwe." Hicho ndicho kipengele pekee alichokigusa. Akaubandika ukurasa wenu mahali pake kwa mkono wake.

Kabla ya kuondoka akaniambia, "Yule mama hakukutaja. Wala yule mtoto hakutaja barua aliyoisoma. Miaka kumi na nane ninakagua, na neno uaminifu nimeliona kwenye kila fomu. Jana ndiyo mara ya kwanza kukataliwa jibu kwa ajili yake." Kisha akaniuliza nimesoma wapi. Nikasema, Tizrarin. Akanitazama kwa muda, na hilo ndilo karipio lililoniuma kuliko barua ya onyo niliyopewa siku ya pili.

Barua ya onyo ipo kwenye jalada langu, na nimehamishwa kutoka mapokezi. Niko kwenye ghala la vitabu. Niliogopa nitafukuzwa, Lalla. Wiki mbili nilikuwa nikisikia hatua za mtu koridoni nageukia mlango. Sasa nakaa kati ya makasha ya vitabu vya darasa la kwanza, kunanuka gundi mpya, na nimelala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Ile siri ya pili aliyonipa Mwalimu Moha bado ninayo. Sitakuambia hata wewe. Lakini nimeikumbuka sana siku hizi, maana nilijiona mtu aliyefaulu mtihani ule mara moja tu, nikiwa mdogo, nikaacha.

Nisamehe. Waombe na wengine wanisamehe, ukiona inafaa waujue.

Rabha


Tizrarin, 2 Desemba 1998

Rabha, binti yangu mpendwa,

Bouchta alipiga honi tangu kwenye kona ya chini, kumbe umeshamwambia mwenyewe, mtu huyo hawezi kufaulu mtihani wa Moha hata akipewa mwaka. Mpaka anafika juu kijiji kizima kiko barabarani. Nilimpelekea Hmad habari kama ulivyoniagiza. Alikuwa anatengeneza jembe. Akakaa chini juu ya mawe akafuta uso kwa kilemba chake, halafu akaniuliza, "Na Jumanne yangu ipo?" Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi." Jioni ile aliwaalika watu tisa kula maboga.

Sijapata kuona watu wamepumua hivi. Wanawake walipiga vigelegele, lakini si vile vya harusi, vilikuwa vinakatika katikati kwa kucheka. Mama yake Tuda amempa jirani ile sufu aliyonunua, anasema rangi hakuipenda. Rangi ilikuwa nzuri. Tuda alinijia jikoni akaniuliza kama Ighil bado ipo. Nikamwambia ipo, ila si yako. Akakimbia.

Niliwakusanya wale wa benchi la msikiti nikawaeleza kuhusu wewe. Nilifikiri ni vizuri wajue kutoka kwangu. Wengine walinuna. Mke wa Bassou, homa yake imepona na ulimi wake umepona zaidi, akasema, "Alicheka na watu wa mjini? Basi aje acheke na sisi, akose kisingizio." Ndiyo hukumu yako. Uje.

Langu ni moja tu. Usiweke tena kidole cha mtu chini ya maneno ambayo si yake, hata maneno yakiwa mazuri kuliko yetu. Nimeshasema, sitarudia.

Jana kulikuwa na jua kali ingawa theluji ipo juu. Nilishusha joho la Moha nikalifua. Nilitoa kwanza vile vipande vya chaki nikampelekea Siham, akaandikia tarehe ubaoni. Maji ya kwanza yalitoka meupe, ya pili meupe, ya tatu safi. Nilidhani nitalia lakini sikulia. Nilisimama tu nikaliangalia likichuruzika maji kwenye kamba, na darasani watoto walikuwa wanasoma kwa pamoja, sauti ishirini na tatu, nikahesabu kama anavyohesabu mtu anayejua hapungui hata mmoja.

Ramadhani inaingia karibuni. Kwako huko mjini utafuturu peke yako siku nyingi, najua. Ukishika tende ya kwanza, kabla hujaila, unikumbuke.

Yamna